Kutibu, Kuuguza, Kulea: Historia Fupi ya Uponyaji wa Wanyama Rumangabo

1.0 Utangulizi

Mtu anayekusudia kuandika historia ya tiba ya wanyama katika nchi zetu hukutana na farasi mapema sana, kisha humpoteza njiani. Hukutana naye kwa sababu elimu ya udaktari wa wanyama, kama tulivyoipokea kutoka Ulaya, ilizaliwa katika zizi la farasi. Chuo cha kwanza cha elimu hiyo kilifunguliwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mwalimu wa upandaji farasi kabla ya kuwa mwalimu wa tiba. Humpoteza kwa sababu sehemu kubwa ya bara letu haikumpokea mnyama huyo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali. Mwaka 1895 David Bruce, akifanya kazi Zululand, alionyesha kwamba nagana, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe na farasi, yalitokana na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na mbung'o. Hivyo basi, farasi alibaki mgeni wa miinuko michache na wa viwanja vya mashindano kama kile cha Ngong mjini Nairobi, wala hakuwa mwenyeji wa misitu na mabonde ya Kongo.

Hata hivyo, maswali ambayo farasi aliyeumia aliyazua katika elimu ya tiba hayakupotea pamoja naye. Mnyama aliyevunjika atatibiwa au ataachwa? Nani atakaa naye baada ya daktari kuondoka? Na akipona, apone ili arudi wapi? Makala haya yana lengo la kuyafuatilia maswali hayo mahali ambapo wengi wasingetarajia kuyakuta, yaani Rumangabo, katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, yapata kilomita 45 kaskazini ya Goma. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na hapo ndipo tangu mwaka 2010 kilipo kituo cha Senkwekwe, kituo pekee duniani kinachotunza gorila wa milimani waliokuwa yatima.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze neno moja. Katika kamusi za pwani, sokwe ni mnyama mwingine, mdogo kuliko huyu tunayemzungumzia. Nao wasemaji wa Kinyarwanda, walio wengi katika Rutshuru, humwita ingagi. Katika makala haya tutatumia neno gorila ili kuepuka utata.

Hoja yetu ni kwamba historia ya uponyaji wa wanyama huko Rumangabo haieleweki vema ikiandikwa kama historia ya madaktari na dawa peke yake. Kiswahili kinatupa vitenzi vitatu vya kuipimia historia hiyo: kutibu, kuuguza na kulea. Tutaona kwamba kila kipindi kiliegemea kitenzi kimoja zaidi ya vingine, na kwamba kitenzi cha tatu, ambacho nyaraka hukitaja mara chache kuliko vyote, ndicho kilichobeba mzigo mkubwa.

2.0 Mnyama wa kazi na tiba ya manufaa

Tiba ya farasi ilijengwa juu ya thamani ya miguu yake. Farasi ni mnyama mzito anayesimama juu ya kwato nne, naye hawezi kulazwa kitandani wiki nyingi kama binadamu. Akivunjika mguu mmoja, uzito wake huangukia mguu wa pili, na kwato za mguu huo mzima huanza kuugua kwa kuelemewa. Ndiyo sababu kwa karne nyingi dawa ya farasi aliyevunjika ilikuwa risasi. Hata pale sayansi ilipopiga hatua, kikwazo hicho hakikuondoka. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Barbaro, farasi wa mashindano wa Marekani aliyevunjika mguu wa nyuma mbele ya watazamaji mwezi Mei 2006. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akazindukia ndani ya bwawa la maji ili asijiumize tena alipoanza kurusha miguu, na mfupa ukaanza kuunga. Lakini maradhi ya kwato yaliingia katika miguu mingine, na mwezi Januari 2007 ikabidi auawe kwa huruma.

Wauguzi wa farasi walijifunza kutokana na misiba ya namna hiyo kwamba upasuaji ni mwanzo tu wa kazi. Farasi anayepona huhitaji kutembezwa kwa mkono, dakika chache leo na chache zaidi kesho. Huhitaji maji ya kumpunguzia uzito, kukandwa, kubadilishiwa bendeji, na zaidi ya yote huhitaji mwenzake. Katika mazizi mengi ya Ulaya na Marekani, farasi mwenye hofu hupewa hata mbuzi akae naye, kwa kuwa imeonekana kwamba mnyama wa kundi akitengwa hudhoofika hata kama kidonda chake kinakauka. Tutalirudia jambo hili.

Katika eneo letu nafasi ya farasi ilitafutiwa wanyama wengine. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa katika ghuba ya Msasani karibu na Dar es Salaam, wapelekwe hadi Ziwa Tanganyika kuthibitisha kwamba tembo angeweza kubeba mizigo mahali ambapo farasi na ng'ombe walikufa. Tembo hao walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 jaribio lilirudiwa kwa tembo wa Kiafrika huko Api, kaskazini mashariki ya Kongo, chini ya ofisa Jules Laplume, na baadaye shughuli hiyo ikahamia Gangala-na-Bodio. Watoto wa tembo walikamatwa porini na kukabidhiwa watunzaji waliokaa nao mchana na usiku mpaka wakazoea kufanya kazi. Watunzaji hao ndio waliokuwa moyo wa mradi, ingawa katika vitabu vya kikoloni tembo walitajwa kwa majina mara nyingi zaidi kuliko wao.

Kwa upande wa pwani, mnyama wa kazi aliyedumu ni punda. Mjini Lamu, ambako vichochoro haviruhusu magari, kituo cha kutibu punda kilifunguliwa mwaka 1987 kwa msaada wa shirika la Kiingereza la kuhifadhi punda. Hapo vidonda vya mizigo na kwato vilianza kutibiwa bila malipo. Mifano hii yote ina jambo moja linaloiunganisha: mnyama alitibiwa kwa sababu alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na haja naye. Tiba ilikuwa tawi la kazi. Je, mnyama asiye na mwenyewe angetibiwa na nani?

3.0 Msitu usioguswa

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Hifadhi ya Taifa ya Albert, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo. Miongoni mwa waliomshawishi mfalme alikuwa Mmarekani Carl Akeley, ambaye mwaka 1921 aliwapiga risasi gorila kadhaa katika milima hiyo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha akageuka kuwa mtetezi wao. Akeley alifariki mwaka 1926 akiwa safarini kwenye miteremko ya mlima Mikeno, akazikwa huko huko.

Falsafa ya hifadhi hiyo ya kwanza ilikuwa kwamba maumbile yaachwe kama yalivyo, yatazamwe na wanasayansi tu. Wakazi waliokuwa wakilima, kuchunga na kuwinda katika ardhi hiyo waliondolewa au wakazuiwa kuingia, na manung'uniko yao hayajaisha hadi leo. Lakini falsafa hiyo ilimgusa mnyama pia. Gorila aliyeumia alikuwa sehemu ya maumbile. Kumtibu kungekuwa kuingilia. Hivyo msitu ulilindwa, lakini mgonjwa aliyekuwa ndani yake hakuwa na haki ya tiba. Hali hiyo iliendelea hata baada ya uhuru, hifadhi ilipopewa jina la Virunga mwaka 1969 na kuandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979.

Kilichoivunja falsafa hiyo ni tanzi. Wawindaji wa swala hutega matanzi ya kamba au waya yaliyofungwa kwenye kijiti kilichopindwa. Gorila akitia mkono au mguu humo, nguvu zake humwezesha kukivunja kijiti, lakini kitanzi hubaki na kuendelea kukaza kila anapovuta, mpaka damu isipite na kiungo kioze. Jeraha la namna hiyo halitokani na maumbile. Limeletwa na binadamu. Kwa hiyo hoja ya kutoingilia maumbile ilipoteza nguvu yake.

Dian Fossey, aliyekuwa akichunguza gorila upande wa Rwanda, aliomba daktari wa wanyama aletwe. Aliuawa mwezi Desemba 1985 kabla ombi lake halijatimia. Mwaka uliofuata daktari James Foster aliwasili, na kazi hiyo ikakua kuwa shirika ambalo leo linajulikana kwa jina la Gorilla Doctors, lenye madaktari Wakongo, Wanyarwanda na Waganda. Kanuni yao ni ya kiasi: huingilia kati endapo jeraha au maradhi yameletwa na binadamu au yanatishia uhai. Daktari hupanda mlima kwa miguu, humpiga mgonjwa kishale chenye dawa ya nusukaputi, hukata tanzi, husafisha kidonda, humchoma sindano na kuondoka kabla hajaamka, huku walinzi wakiwazuia jamaa zake wasisogee. Hakuna zizi, hakuna bendeji ya kubadilishwa kesho. Mgonjwa akiamka ni lazima aifuate familia yake.

Hiki ndicho kipindi cha kutibu kwa maana yake finyu. Matokeo yake hayakuwa madogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba makundi ya gorila waliozoeshwa kuona watu, ambayo yalilindwa kila siku na kupata daktari, yaliongezeka kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka, ilhali yale yasiyozoeshwa yalikuwa yakipungua. Waandishi wake waliihesabu tiba kuwa miongoni mwa sababu kubwa za tofauti hiyo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milimani duniani wamezidi 1,000, na katika mwaka huo huo wakaondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa ya kutoweka na kuwekwa katika daraja moja chini yake.

4.0 Mwaka 2007

Tiba ya msituni inamtaka mgonjwa awe na familia ya kuirudia. Mwaka 2007 ulileta wagonjwa wasiokuwa nayo.

Mwezi Juni mwaka huo walinzi walimkuta mtoto wa gorila wa miezi miwili hivi ameung'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Alipewa jina la Ndakasi. Mwezi Julai dume kiongozi wa familia ya Rugendo, aliyeitwa Senkwekwe, aliuawa pamoja na majike kadhaa wa familia hiyo, akiwamo Safari, aliyeacha mtoto mchanga aitwaye Ndeze. Gorila hao hawakuuawa kwa ajili ya nyama wala vichwa. Miili iliachwa pale pale. Wengi waliyahusisha mauaji hayo na biashara haramu ya makaa, ambayo ilihitaji miti ya hifadhi na kwa hiyo iliwaona gorila na walinzi wao kuwa kizuizi. Wanakijiji na walinzi waliibeba maiti ya Senkwekwe juu ya machela ya miti, na picha ya msafara huo iliyopigwa na Brent Stirton ikaenea duniani kote.

Ndakasi na Ndeze walipelekwa kwanza katika nyumba moja mjini Goma, kwa kuwa Rumangabo na misitu yake ilikuwa katikati ya vita. Usiku wa kwanza mlinzi André Bauma alimweka Ndakasi kifuani pake ili apate joto. Tendo hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya mwanahistoria aliyezoea mikataba na amri. Sisi tunaliona kuwa ni mwanzo wa sura mpya. Mtoto wa gorila hubebwa na mama yake kwa miezi mingi bila kuachwa. Akiwekwa chini peke yake, hata akinyweshwa maziwa ya kutosha, huenda akafa. Hakuna chupa ya dawa inayoweza kuziba pengo hilo. Kinachohitajika ni mwili wa mtu.

5.0 Mikono ya walezi

Mwaka 2010 kituo cha Senkwekwe kilifunguliwa Rumangabo, kikiwa na eneo la msitu lililozungushiwa uzio pamoja na vyumba vya kulala. Ndakasi na Ndeze walihamishiwa hapo, wakaunganishwa na wengine, akiwamo Maisha, aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanya magendo nchini Rwanda mwaka 2004, na Kaboko, ambaye alikuwa amepoteza mkono kwa sababu ya tanzi. Mwaka 2013 alipatikana Matabishi, dume mdogo aliyekutwa peke yake nje ya msitu. Msomaji wa pwani atalistaajabia jina hilo: katika Kiswahili cha Kongo matabishi ni bahashishi, kitu kidogo anachopewa mtu juu ya haki yake. Walezi walimwona kama nyongeza isiyotarajiwa, na jina likabaki.

Hapa ndipo ulinganisho na zizi la farasi unapotusaidia. Kaboko aliishi kwa mkono mmoja na miguu miwili, akapanda, akala, akacheza na wenzake. Farasi aliyepoteza kiungo hana bahati hiyo. Gorila hugawanya uzito wake kwa namna nyingi, hukaa kitako anapokula, na hutumia meno pale mkono unapokosekana. Kwa hiyo swali lililomwua Barbaro, yaani mnyama atasimamaje wakati mfupa unaunga, kwa gorila si swali kubwa. Swali kubwa ni lile la pili ambalo wauguzi wa farasi walilijua: nani atakaa naye? Katika zizi aliweza kutafutwa mbuzi. Rumangabo walikaa watu.

Walezi wa Senkwekwe walilala na watoto hao, wakawanywesha maziwa kwa chupa, wakawabeba mgongoni na kuwafundisha kuchuma majani na mashina ya msituni. Walijifunza milio ya gorila, ule wa kuridhika na ule wa onyo, wakaitumia kuzungumza nao. Wakati huohuo ilibidi wajihadhari wasiwe chanzo cha maradhi, kwa kuwa gorila huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya kifua ya binadamu, nayo huweza kumwua. Mlezi mwenye kikohozi hukaa mbali, barakoa huvaliwa. Hivyo kazi hii ina ukinzani ndani yake: kinachomponya yatima ni ukaribu wa mtu, na kinachoweza kumwua ni ukaribu huohuo.

Tukirudi kwenye vitenzi vyetu, tunaona kwamba kutibu kuna mwisho: kidonda kinafungwa, sindano inachomwa, daktari anaondoka. Kuuguza ni kitenzi cha kusababisha kilichotokana na kuugua, na kwa sura yake mtu angedhani ni kumfanya mwingine augue. Lakini lugha haikukusudia hivyo. Anayeuguza ni yule anayekaa na ugonjwa wa mwenzake mpaka uishe kwa njia moja au nyingine. Kulea kunakwenda mbali zaidi, kwa sababu hakungoji maradhi, wala hakuishi maradhi yanapokwisha. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo hutumiwa kuwaonya wazazi. Kwa walezi wa Rumangabo ilikuwa pia tatizo la kitaalamu. Waliwalea yatima vizuri mno kiasi kwamba watoto hao walikua wakiwajua watu kuwa ndio familia yao.

6.0 Tiba katikati ya vita

Haiwezekani kuandika historia ya kituo hiki kana kwamba kilikuwa hospitali mahali penye amani. Rumangabo ina hifadhi, na jirani yake ina kambi kubwa ya jeshi. Kila kundi lililotaka barabara ya kwenda Rutshuru lilipita hapo.

Mwezi Oktoba 2008 waasi wa CNDP waliyateka makao makuu ya hifadhi, na walinzi wakakimbilia msituni, wengine wakitembea kwa siku kadhaa hadi Goma. Mwezi uliofuata mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipata mapatano na waasi, walinzi wakarejea. Mwaka 2012 kundi la M23 lilichukua eneo hilo na kulishikilia hadi mwishoni mwa Oktoba 2013. Katika mwaka huo wa 2012 Kaboko alikufa. Filamu ya Virunga ya mwaka 2014 iliwaonyesha watazamaji wa ulimwengu Bauma akiwa pamoja na yatima hao huku ngurumo za silaha nzito zikisikika. Mwezi Aprili 2014 de Merode mwenyewe alipigwa risasi na kujeruhiwa katika barabara ya Goma kwenda Rumangabo. Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 iliiteka tena Rumangabo, na mwezi Januari 2025 ikaiteka Goma.

Kwa mgonjwa aliyezoea watu, vita ni maradhi ya pili. Barabara ikifungwa, maziwa, matunda na dawa haviji, na daktari aliyeko Goma hawezi kupanda. Mlipuko ukisikika, mnyama aliyepoteza mama yake kwa risasi hutetemeka na kumtafuta mlezi wake. Nao walezi wenyewe wana wake, waume na watoto vijijini, ambao pia wanakimbia. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamepoteza maisha yao kazini tangu hifadhi ilipoanzishwa. Mtu anayeuliza kwa nini fedha zitumike kumlea gorila ilhali watoto wa Rutshuru wanalala kambini ana haki ya kuuliza. Sisi hatuna jibu la kumnyamazisha. Tunaloweza kusema ni kwamba waliobaki na yatima hao si watu waliokuwa salama wakaichagua huruma kama burudani. Ni wana wa nchi ileile, waliochagua kutoiacha kazi waliyokabidhiwa.

Rumangabo ilipata pia wanyama wa kazi wa namna yake. Tangu mwaka 2011 mbwa wanusaji wamefunzwa hapo kufuata nyayo za majangili na kutafuta meno ya ndovu na silaha. Mbwa hao wako karibu zaidi na farasi wa zamani: wanafanya kazi, wanachoka, wanaumia, na kila mmoja ana mtu wake anayemlisha na kumkagua nyayo zake. Kwa hiyo katika eneo moja dogo tunazikuta tiba mbili, ya mnyama anayetumika na ya mnyama asiyetumika kwa lolote. Zote mbili zinasimama juu ya uhusiano wa mtu mmoja na mnyama mmoja.

7.0 Je, kupona ni kurudi?

Farasi wa mashindano huhesabiwa amepona anaporudi uwanjani. Gorila wa msituni huhesabiwa amepona anapoifuata familia yake. Yatima wa Rumangabo atahesabiwa amepona lini?

Ndakasi na wenzake hawakurudishwa msituni. Sababu zinaeleweka. Mnyama aliyelelewa na watu angeweza kuwapelekea gorila wa msituni maradhi ya binadamu. Angeweza kukataliwa na kundi, au kushambuliwa. Na kwa kuwa hawaogopi watu, angemsogelea hata yule mwenye bunduki. Mwaka 2019 picha moja iliyopigwa na mlinzi Mathieu Shamavu, ikiwaonyesha Ndakasi na Ndeze wamesimama wima nyuma yake kama watu wanaopiga picha ya familia, ilisambaa duniani na kuchekesha wengi. Ukiitazama kwa makini utaona pia huzuni iliyomo: wanyama hawa walikuwa wamejifunza kusimama mbele ya kamera kabla ya kujifunza kuishi na gorila wengine msituni.

Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya kuugua kwa muda, Ndakasi alikufa akiwa na umri wa miaka 14, mikononi mwa Bauma. Stirton, aliyepiga picha ya maiti ya Senkwekwe mwaka 2007, ndiye aliyepiga na picha hiyo, na mwaka 2022 ikapata tuzo katika mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori. Kati ya picha hizo mbili imo miaka 14 ambayo haikupigwa picha sana: usiku wa maziwa, asubuhi za kufagia, mchana wa kuchuma majani. Historia ya uponyaji imo humo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Gorila yatima wa nyanda za chini za mashariki, ambao ni jamaa wa karibu wa hawa wa milimani, hulelewa katika kituo cha GRACE huko Kasugho, wilayani Lubero. Huko iliamuliwa mapema kwamba mkono wa mtu upunguzwe hatua kwa hatua na yatima walelewe na gorila wenzao katika kundi moja. Mwezi Oktoba 2024 majike wanne kutoka kituo hicho walipelekwa mlima Tshiaberimu, katika sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Virunga, na kuachiliwa wajiunge na kundi dogo la huko, lililokuwa na gorila wasiofika kumi. Kwa hiyo kurudi kunawezekana, lakini kunataka malezi yanayojua tangu siku ya kwanza kwamba yatakwisha. Walezi wa Goma mwaka 2007 hawakuwa na nafasi hiyo. Walikuwa na watoto wawili, nyumba moja na vita mlangoni. Walifanya kile kilichowezekana usiku ule.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tiba ya wanyama katika eneo letu imepitia hatua tatu. Kwanza ilikuwa tiba ya mnyama mwenye thamani ya kazi, kama farasi, punda na tembo wa mizigo. Kisha ikawa tiba ya spishi, ambapo daktari alimtibu gorila mmoja ili idadi isipungue. Mwisho, huko Rumangabo, ikawa malezi ya mnyama mmoja mmoja ambaye hakuwa na kazi, wala asingeongeza idadi msituni, lakini alikuwa hai na amebaki peke yake.

Hatua hii ya tatu ndiyo inayoleta taabu kwa mwanahistoria, kwa sababu haiachi nyaraka nyingi. Ripoti ya upasuaji huandikwa. Usiku wa kumkumbatia mtoto hauandikwi. Tembo wa Api wana majina vitabuni, ilhali wengi wa watunzaji wao hawana. Tusipokuwa waangalifu, kosa hilohilo litarudiwa, na miaka 50 ijayo wanafunzi watajua majina ya Ndakasi na Matabishi bila kuwajua waliowabeba. Idara zetu za historia na za Kiswahili zina kazi hapa. Walezi hao wanazungumza lugha hii. Msamiati wao wa milio, majani, hofu na usingizi wa gorila haujakusanywa kama unavyostahili. Kuukusanya kunahitaji mtu wa kukaa kitako na kusikiliza, naye anahitajika upesi, maana kumbukumbu nazo huzeeka, na Rumangabo ni mahali ambapo njia hufungwa bila taarifa.